Injini Inapomisi: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Maelezo yaliyotolewa kwa wakazi, madereva na viongozi wa vikundi katika mkutano wa kata kuhusu utunzaji wa magari ya kazi



Katika kata za vijijini, pikapu kuukuu si gari la mtu mmoja, hata kama kadi yake ina jina la mtu mmoja. Asubuhi hubeba magunia ya mahindi kwenda mnadani. Mchana hubeba mabomba na fundi wa pampu. Usiku, mlango unapogongwa kwa haraka, hubeba mama mjamzito kwenda kituo cha afya. Injini ya gari la namna hiyo ikianza kumisi, wanaoathirika si mwenye gari peke yake. Maji huchelewa, mazao huchelewa, na wakati mwingine mgonjwa huchelewa.

Mada ya leo inahusu namna ya kutafuta chanzo cha injini kumisi katika pikapu ya zamani inayotumia petroli na kabureta. Lengo si kumgeuza kila mwananchi kuwa fundi. Lengo ni kwamba mwenye gari, dereva au mhazini wa kikundi aweze kusimama mbele ya fundi, aulize maswali yanayostahili, na asitoe fedha kwa kubahatisha.

Mfano wa kuanzia ni wa pikapu ya jumuiya moja ya watumia maji. Ni Toyota Hilux ya zamani yenye injini ya 22R, injini ya silinda nne iliyofungwa katika pikapu nyingi za Hilux za miaka ya 1980 na 1990. Gari lilianza kutetemeka likiwa limesimama, na lilipobeba mota ya pampu lilishindwa kupanda kilima cha kuelekea kisimani. Fundi wa kwanza alisema ni plagi, zikanunuliwa nne mpya. Gari liliendelea kumisi. Fundi wa pili alisema ni koili, ikanunuliwa. Gari liliendelea kumisi. Fundi wa tatu alisema kabureta imechoka, na kabureta nyingine ikafungwa. Gari liliendelea kumisi vilevile, kwa mdundo uleule.

Fedha zote hizo zilitokana na mauzo ya maji, ndoo kwa ndoo. Mota ilipoharibika tena, vituo vya kuchotea maji vilikauka siku mbili kwa kukosa usafiri wa uhakika, na akina mama wakarudi mtoni. Katika kikao kilichofuata, wajumbe wengine walitaka gari liuzwe. Wengine walianza kuuliza, kwa sauti ya chini, kama kweli vifaa hivyo vyote vilinunuliwa. Hasara ya ubashiri wa kifundi haikuishia kwenye fedha, kwani ilifika kwenye imani ya watu kwa viongozi wao.

Kabla ya kikao kuamua, mhazini aliomba gari lipelekwe kwa fundi mmoja mzee. Dereva alimsalimu, kisha akauliza, "Fundi, safari hii tununue nini?" Mzee akamjibu, "Leo hatununui kitu, mwanangu. Leo tunapima."

Ndugu wananchi, neno hilo la kupima ndilo kiini cha mada hii.

Injini ya petroli inahitaji mambo matatu ili kila silinda ifanye kazi. La kwanza ni hewa iliyochanganyika na petroli kwa kiasi sahihi. La pili ni mgandamizo, ambao mafundi huuita kompresheni, yaani pistoni kuubana mchanganyiko huo ndani ya silinda iliyofungwa barabara. La tatu ni cheche kutoka kwenye plagi, kwa wakati wake. Likikosekana moja kati ya hayo, silinda haiwaki, na huko ndiko kumisi.

Injini ya silinda nne inayozunguka mara 800 kwa dakika huwaka mara 1,600 katika dakika hiyo, kwa kuwa kila silinda huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili. Silinda moja ikilala, miwako 400 hupotea kila dakika. Mtetemo anaousikia dereva kwenye usukani ni nafasi tupu za miwako hiyo. Nguvu hupungua, matumizi ya petroli huongezeka, na petroli isiyowaka huosha oili kwenye kuta za silinda na kuifanya oili ya injini iwe nyepesi. Anayesema "acha tu, bado linatembea" huandaa gharama kubwa zaidi ya ile anayoikwepa.

Sasa, kabla ya kushika spana, lipo swali moja linaloondoa nusu ya ubashiri: je, inayomisi ni silinda moja ileile, au ni injini nzima inayokosa hapa na pale?

Swali hili lina uzito kwa sababu injini ina vitu vya shirika na vitu vya binafsi. Vitu vya shirika huhudumia silinda zote: betri, koili, rota ya distributa, platini kwa magari ambayo bado yanazo, pampu ya mafuta, chujio na kabureta. Vitu vya binafsi ni vya kila silinda: plagi yake, waya wake wa plagi, sehemu ya waya huo kwenye kifuniko cha distributa, vali zake na ringi za pistoni yake. Kitu cha shirika kikiharibika, aghalabu silinda zote huumia. Silinda moja peke yake ikifa wakati wenzake watatu wako salama, ni vigumu kuilaumu koili au kabureta inayowalisha wote. Bomba kuu likiziba, mtaa mzima hukosa maji. Nyumba moja ikikosa, bomba la nyumba hiyo ndilo la kukaguliwa kwanza.

Laiti swali hilo lingeulizwa siku ya kwanza, jumuiya isingenunua koili wala kabureta.

Jibu lake huanza kupatikana kwa kusikiliza. Gari lisimame mahali pa wazi, si ndani ya chumba, kwa sababu moshi wa injini una sumu inayoua bila harufu ya kumtahadharisha mtu. Breki ya mkono ivutwe na gia iwe huru. Mtu asimame nyuma na kusogeza kiganja karibu na mdomo wa bomba la moshi, bila kuligusa. Injini nzima hutoa pumzi zinazofuatana kwa usawa. Ikiwa silinda moja imelala, pumzi hukatika kwa mdundo unaojirudia. Ikiwa kukatika hakuna mpangilio, mashaka huelekea kwenye vitu vya shirika au kwenye hewa inayovuja.

Wakati wa kumisi nao ni ushahidi. Gari linalomisi baada ya mvua au asubuhi ya ukungu hulalamikia nyaya za plagi na kifuniko cha distributa kilichopasuka au kuingia unyevu. Linalomisi likipanda kilima na mzigo huweza kuwa na cheche dhaifu au petroli isiyotosha. Linalotetemeka likiwa limesimama, kisha likatulia likikanyagwa mafuta, mara nyingi huvuta hewa pasipostahili, kupitia mpira uliopasuka au gasketi ya manifoldi. Maji ya sabuni yakipakwa kwa brashi kwenye maungio hayo wakati injini inanguruma, mlio ukabadilika kwa muda, basi hapo ndipo pa kukagua. Baadhi ya mafundi hutumia petroli badala ya sabuni. Mwenye gari asikubali, kwa maana injini ya moto na petroli iliyomwagika vimekwisha kuteketeza magari.

Hatua inayofuata ni kuitambua silinda iliyolala. Kwanza kila waya wa plagi uwekewe alama kwa utepe: 1, 2, 3, 4, kuanzia upande wa rejeta. Kwa injini ya 22R mpangilio wa kuwaka ni 1, 3, 4, 2, na nyaya zikirudishwa kwa kubadilishana nafasi, ugonjwa mpya huzaliwa juu ya ule wa zamani.

Injini ikiwa imezimwa, waya wa silinda ya kwanza huchomolewa na kuvikwa kwenye plagi ya akiba, ambayo chuma chake kimefungwa imara kwenye chuma cha injini. Kisha injini huwashwa. Ikiwa mtetemo umezidi na mzunguko umeshuka, silinda hiyo ilikuwa ikifanya kazi. Ikiwa hakuna kilichobadilika, silinda iliyolala imepatikana, kwa kuwa kumnyang'anya jembe aliyelala hakupunguzi kazi shambani. Zoezi hurudiwa kwa kila silinda. Waya usiachwe ukining'inia hewani wakati injini inazunguka, kwa sababu umeme wake ni wa maelfu ya volti. Huweza kumrusha mtu, na huweza kuharibu koili na vifaa vya kielektroniki vya cheche. Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo asikaribie kabisa.

Mzee alifanya hivyo. Alipochomoa ya kwanza, injini ilishuka. Ya pili, ikashuka. Ya tatu, injini ilibaki vilevile. Ya nne, ikashuka. Dereva aliyekuwa ameishi na ugonjwa ule kwa miezi aliona kwa mara ya kwanza mahali ulipokaa.

Baada ya silinda kujulikana, cheche huchunguzwa kwanza kwa sababu uchunguzi wake hauna gharama. Kwenye plagi ile ya akiba, cheche nzuri huwa ya buluu, yenye nguvu na mlio mkavu. Cheche nyembamba ya rangi ya njano au nyekundu ni dhaifu. Usiku, katika giza, injini ikiwa inanguruma, nyaya zilizochakaa huonekana zikimeta kwa vicheche vinavyorukia kwenye chuma.

Kisha hufuata mbinu ya kubadilishana. Plagi ya silinda iliyolala huhamishiwa kwenye silinda nzima, na ya silinda nzima huletwa hapo. Ugonjwa ukihama pamoja na plagi, plagi ndiyo mbovu. Ukibaki palepale, waya nao hujaribiwa kwa namna hiyohiyo, endapo urefu wake unaruhusu. Kwa njia hii mwenye gari hununua kifaa kimoja kilichothibitika, hata kama dukani wanauza seti nzima.

Plagi iliyofunguliwa isitupwe kabla ya kusomwa. Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu ni ya silinda yenye afya. Masizi meusi makavu huonyesha petroli nyingi mno au cheche dhaifu. Ncha iliyolowa petroli ni ya silinda inayopokea mafuta bila kuyawasha. Ncha yenye oili nzito huashiria ringi au miongozo ya vali iliyochakaa. Ncha nyeupe iliyoungua huashiria joto kupita kiasi au petroli kidogo kuliko hewa.

Katika pikapu ya jumuiya, cheche ya silinda ya tatu ilikuwa ya buluu. Plagi ilihamishiwa kwenye silinda ya pili, na silinda ya pili ikaendelea kuwaka. Waya ulibadilishwa, na silinda ya tatu ikabaki imelala. Petroli ilikuwa ikifika, kwani plagi ilitoka imelowa. Katika yale mambo matatu, lilibaki moja ambalo hakuna fundi aliyekuwa amelipima: mgandamizo.

Kipimo cha mgandamizo hufanywa injini ikiwa na joto. Plagi zote hutolewa, umeme wa koili hukatwa ili kusiwe na cheche karibu na mvuke wa petroli, na mtu mmoja hukanyaga mafuta mpaka mwisho huku akizungusha stata kwa sekunde chache. Geji hufungwa kwenye tundu la plagi, silinda moja baada ya nyingine. Kwa injini ya 22R, kipimo cha injini nzima ni takriban paundi 171 kwa inchi ya mraba, kiwango cha chini kinachokubalika ni 142, na tofauti kati ya silinda haipaswi kuzidi 14. Kwa gari lililozeeka, tofauti hiyo huangaliwa kwa makini zaidi, kwa maana silinda nne zilizozeeka kwa usawa bado huweza kufanya kazi kwa utulivu.

Silinda ya kwanza ilisoma 160. Ya pili 158. Ya tatu 95. Ya nne 162. Mzee alimwita mhazini asogee asome mwenyewe, kisha akamwambia aandike kwenye daftari. Zilikuwa namba za kwanza kuandikwa kuhusu gari lile tangu lianze kuugua. Kabla ya hapo daftari lilikuwa na risiti tu.

Silinda yenye mgandamizo mdogo huvuja mahali. Ili kujua ni wapi, kijiko kidogo cha oili humiminwa kwenye tundu la plagi na kipimo hurudiwa. Geji ikipanda sana, oili imeziba pengo la ringi, na ringi au ukuta wa silinda ndio uliochakaa. Geji isipopanda, upepo unatokea juu, kwenye vali au gasketi ya kichwa cha injini. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, gasketi iliyo kati yake ndiyo ya kushukiwa kwanza. Silinda ya tatu ilipotiwa oili ilisoma 98 tu, na majirani zake wote wawili walikuwa wazima. Shaka ikaangukia vali.

Kifuniko cha juu kikafunguliwa. Kila vali inatakiwa kuwa na nafasi ndogo kati yake na mkono unaoisukuma, nafasi ambayo mafundi huirekebisha kwa kazi inayoitwa kupiga tapeti. Kwa 22R yenye joto, nafasi hiyo ni milimita 0.20 kwa vali ya kuingiza na 0.30 kwa vali ya kutolea moshi. Kwenye vali ya moshi ya silinda ya tatu, hata ubapa mwembamba kuliko wote katika kipimo cha fundi haukupenya. Kadiri miaka ilivyokwenda, vali ilikuwa imezama kidogo kidogo kwenye kiti chake mpaka nafasi ikaisha. Tangu hapo haikufunga sawasawa, na mgandamizo ukawa unatorokea kwenye bomba la moshi.

Dereva alishangaa, kwa maana tapeti za gari lile hazikuwahi kupiga kelele. Mzee akamweleza kwamba tapeti iliyolegea hulia na kila mtu akaisikia, lakini iliyokaza hukaa kimya huku vali ikiungua. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Vali zote zilirekebishwa, kifuniko kikarudishwa na gasketi yake mpya. Kipimo kiliporudiwa, silinda ya tatu ilisoma 150. Injini ikawashwa, na kikombe cha chai kilichowekwa juu ya bodi hakikumwagika. Mzee hakuahidi makuu. Alisema vali imeungua kidogo lakini bado inafunga, na akaagiza mgandamizo upimwe tena baada ya wiki mbili. Ukishuka, kichwa cha injini kitafunguliwa, na hapo gharama itakuwa na sababu. Ulipopimwa tena, haukuwa umeshuka. Kilichonunuliwa siku ile, baada ya plagi nne, koili na kabureta, ni gasketi moja.

Ndugu wananchi, mfano huu hausemi kwamba kila gari linalomisi lina tatizo la tapeti. Kesho litakuwa waya, keshokutwa maji kwenye petroli. Wala hausemi kwamba mafundi watatu wa kwanza walikuwa wezi. Kila mmoja alitaja kitu ambacho huweza kusababisha kumisi. Kosa lao lilikuwa kuamua kabla ya kupima, na kosa la jumuiya lilikuwa kulipa kabla ya kuuliza.

Kwa hiyo, kila mwenye pikapu ya kazi, na hasa kila kikundi kinachomiliki gari kwa fedha za wanachama, kinashauriwa kuuliza maswali matatu kabla ya kuidhinisha ununuzi. Ni silinda ipi isiyowaka, au ni zote? Katika cheche, mafuta na mgandamizo, ni lipi lililopimwa, na limesoma ngapi? Ni jaribio gani linaloonyesha kwamba kifaa kinachotajwa ndicho kibovu? Fundi mwenye ujuzi hachukizwi na maswali hayo, maana ndiyo anayojiuliza mwenyewe.

Aidha, majibu yaandikwe kwenye daftari la gari pamoja na tarehe na kilomita. Kifaa kilichotolewa kirudishwe kwa mwenye gari pamoja na risiti ya kipya, na kwa kikundi, vyote viwili vionyeshwe kwenye kikao. Tapeti zikaguliwe kwa ratiba ya matengenezo, kelele iwepo isiwepo.

Jumuiya ile haikuuza gari. Katika mkutano wake mkuu, mhazini alisimama na kusoma zile namba nne, 160, 158, 95 na 162, kisha akaeleza ya tatu ilikuwa na maana gani. Waliokuwa wakinong'ona kuhusu risiti waliuliza maswali yao kwa sauti, wakajibiwa kwa sauti, na ukumbi ukaridhika. Asubuhi iliyofuata pikapu ilibeba mota ya pampu na kupanda kilima kile, na kabla ya adhuhuri maji yalikuwa yakitoka.